Kutembea bila shughuli

Anayeingia Arboretum ya Nairobi Jumamosi asubuhi kwa mara ya kwanza huenda akasita langoni. Chini ya mti mmoja mwanamume aliyevaa suti anatembea hatua kama ishirini, anageuka, anarudi, anageuka tena, huku akizungumza kwa sauti na mtu asiyeonekana. Pembeni kidogo mwanamke aliyejifunga leso kiunoni anapita na Biblia kwapani, macho nusu yamefumba, midomo ikimchezacheza. Mbele yao kijana anazunguka kichaka kilekile, mara analia, mara anacheka. Hakuna anayewashangaa. Wenyeji wamewazoea kama walivyowazoea tumbili wanaopora ndizi mikononi mwa watoto.

Ni waombaji. Huja hapa kwa sababu chumba cha kupanga hakina nafasi ya mtu kulia kwa sauti, majirani wakiwa ng'ambo ya ukuta mwembamba wakisikia kila neno. Lakini tazama miguu yao. Wangeweza kupiga magoti, au kuketi kwenye nyasi, na wapo wanaofanya hivyo. Wengi wanatembea. Hawaendi popote. Kila mmoja amejichagulia kijia kifupi baina ya mti na mti, anakipita na kukirudia mpaka pumzi na hatua zinapatana. Akiondoka baada ya saa moja, uso wake si ule aliokuja nao, na si lazima uwe mwumini ili ulione hilo.

Bustani yenyewe ilianzishwa mwaka 1907 kwa sababu isiyohusiana kabisa na nafsi ya mtu. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, injini za mvuke zilikula kuni bila kushiba, na serikali ya kikoloni ikataka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika udongo huu. Ikaletwa na kupandwa kwa majaribio. Treni ziliacha kuni zamani, miti ikabaki, na leo ekari themanini hivi zenye mamia ya aina za miti ziko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji, jirani na Ikulu.

Siku hizi hili wanalolifanya waombaji hawa lina wataalamu, vitabu na programu za simu zinazolipiwa kwa mwezi. Katika mahekalu ya Zen nchini Japani, watawa wanaoketi kimya kwa muda mrefu huinuka na kutembea taratibu sana kwa mstari, hatua zikifuata pumzi, kisha hurudi kuketi. Mtawa wa Kivietinamu Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 95, alifundisha mwendo huo kwa maelfu ya watu katika kituo alichokianzisha Ufaransa mwaka 1982: hesabu hatua zako unapovuta pumzi, zihesabu unapoitoa, na usiwe na haraka ya kufika kwa sababu tayari upo. Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafunza wagonjwa wenye maumivu sugu katika chuo cha tiba cha Massachusetts. Alivua mavazi ya dini, akaacha pumzi, mwili na uangalifu, akavipanga katika mafunzo ya wiki nane. Kutembea kwa makini kulikuwa sehemu ya mafunzo hayo.

Sina ugomvi na hao wote. Ninachokataa ni dhana kwamba jambo hili limetufikia juzi kwa intaneti. Mwislamu anayesikia ikama, wito wa kuanza swala, ikikimiwa angali njiani anajua hadithi mashuhuri inayomkataza kukimbia: aende kwa utulivu na heshima, atakachokidiriki atakiswali, kilichompita atakikamilisha. Ni wachache wanaoifuata Ijumaa saa saba mchana, lakini agizo lipo, na linahusu miguu na moyo kwa pamoja.

Je, sayansi inasema nini? Utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo, watu 38 tu, na ulifanyika California, kwa hiyo tuupokee kwa kipimo. Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, walioutoa mwaka 2015, walitaka kujua kuhusu ile tabia ya akili kutafuna jambo moja usiku kucha: neno ulilomwambia bosi, deni, aliyekuacha. Tabia hiyo hutangulia na kuandamana na sonona. Waliwagawa watu makundi mawili, kila mtu akatembea peke yake kwa dakika 90. Kundi moja lilipita kwenye nyasi na mialoni karibu na chuo, jingine kandokando ya barabara kuu yenye magari mengi. Kabla na baada waliwahoji, wakawapima pia ubongo. Waliopita kwenye nyasi walirudi wakitafuna mawazo kidogo kuliko awali, na sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi mtu anapozama katika mawazo ya namna hiyo ilikuwa imepoa. Waliopita barabarani walirudi walivyokwenda.

Dakika zilikuwa zilezile, na miguu ilifanya kazi ileile. Kilichotofautiana ni njia, na mtu wa Nairobi akisoma matokeo hayo hana budi kucheka kidogo, kwa sababu wengi wetu tumo katika kundi la pili tangu tuzaliwe.

Kabla jua halijachomoza, reli inayokata Kibera hujaa watu. Wanaume wa mjengo, wanawake wanaokwenda kufua nguo za watu, vibarua wa viwandani, wote wanafuata mataruma kuelekea Industrial Area. Mukuru nako ni hivyo, Mathare nako ni hivyo. Takriban asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu, na wengi wa wanaozifanya hawakuchagua kutembea; walipiga hesabu ya nauli ya matatu kwenda na kurudi, wakaona hiyo ni unga wa jioni. Ukimwendea mtu huyo na maneno ya kutembea kwa ajili ya kuitunza nafsi, atakutazama kuanzia viatu kupanda juu.

Mwili wake unanufaika, hilo lisibishwe. Ushahidi wa mwanzo kabisa wa kisasa ulitoka kwenye mabasi, jambo ambalo abiria yeyote wa matatu angelifurahia. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa London alichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makanga wa mabasi ya ghorofa. Watu wa tabaka moja, kazi moja, basi moja. Dereva alikaa siku nzima. Makanga alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makanga waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa wenzao. Tangu hapo tafiti zimerundikana, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo kutembea kwa kasi kunazitosheleza. Mama wa Kibera anazimaliza kufikia Jumanne.

Ila akili yake, njiani, inafanya kazi nyingine. Inasikiliza honi. Inapima kama ile nduthi inayopanda juu ya njia ya miguu itasimama au haitasimama. Inashika mkoba. Inaangalia mtaro usio na mfuniko. Kila mwaka watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaouawa kwenye barabara za Kenya, kwa hiyo tahadhari yake si woga wa bure. Anachokifanya ni uangalifu, tena uangalifu mkali, na mtu anaweza kusema kwamba yupo pale alipo kwa asilimia mia. Lakini ni ulinzi, na mlinzi hapumziki lindoni. Akifika kazini keshachoka kwa namna ambayo kilomita pekee haziwezi kuieleza.

Nikifikiria tofauti ya mwendo wa reli na mwendo wa Arboretum, naona haianzii kwenye umbali wala mandhari. Inaanzia kwenye shughuli. Waombaji wana ruhusa ya kutokwenda popote. Katika miji yetu ruhusa hiyo haijawahi kuwa ya kila mtu, na kwa muda mrefu ilikuwa kosa la jinai kuitumia.

Sheria ya kipande iliyoanza kutekelezwa Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti cha kazi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Askari akikukuta barabarani alitaka kujua wewe ni wa nani, unatoka wapi, unaenda wapi. Sheria za uzururaji zilikamilisha kazi: mtu asiye na kazi, asiye na pa kulala panapoeleweka, aliyeonekana akitembeatembea, alikamatwa na kurudishwa mashambani. Mji ulijengwa kwa imani kwamba Mwafrika aliyemo ndani yake yuko njiani kwenda kazini au kutoka kazini, na vinginevyo ni mwizi. Wakoloni waliondoka, sheria hazikuondoka nao. Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Mwaka 2020, tarehe 4 Desemba, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni yake kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zilizobaki nazo zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha.

Sheria inaweza kufutwa kwa siku moja. Macho ya watu huchukua muda zaidi. Jaribu kutembea polepole mtaani kwako, mikono mitupu, saa kumi jioni ya siku ya kazi. Jirani wa kwanza atauliza, "Unaenda wapi?" Ukimjibu kwamba unatembea tu, atapunguza sauti: "Kwani kuna shida nyumbani?" Mlinzi wa lango la pili atakufuata kwa macho mpaka upinde kona. Kijana wa kiume aliyevaa kofia atasimamishwa na polisi, hasa giza likiingia, na swali litakuwa lilelile la wakati wa kipande.

Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi. Novemba 2014, baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu katikati ya jiji na picha kusambaa, wanawake walimiminika barabarani wakidai haki ya kupita mjini wakiwa wamevaa watakavyo. Hata leo, mwanamke anayetaka nusu saa ya kutembea kimya peke yake anaanza kwa hesabu: saa ngapi, njia ipi, nani ajue nilipo. Nusu ya utulivu aliokuwa akiutafuta umekwisha kabla hajafunga kamba za viatu.

Ndiyo maana siwezi kuandika kuhusu kutembea kwa afya ya akili Nairobi bila kumtaja mtetezi wa mazingira Wangari Maathai, ingawa yeye mwenyewe alizungumzia miti zaidi kuliko miguu. Mwaka 1989 serikali na chama tawala walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Aliandika barua, akapinga, wabunge wakamcheka bungeni, na mwishowe wafadhili wakajiondoa na jengo likafa. Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya Karura, msitu wa hekta kama 1,000 kaskazini mwa jiji ambao ulikuwa umeanza kugawiwa wajenzi binafsi kimyakimya. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti langoni. Walinzi wa kukodiwa wakawavamia kwa marungu na mijeledi. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi, akatia alama kwenye taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka.

Wanaokwenda Karura leo na chupa zao za maji wengi wao walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa watoto. Msitu uliookolewa haukuwa mahali pa kutembea mara moja. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa ujambazi, na mtu mwenye akili zake hakuingia peke yake. Ndipo chama cha wakazi kikashirikiana na idara ya misitu, uzio wa umeme ukawekwa, vijana wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, vijia vikafunguliwa. Sasa kuna zaidi ya kilomita 50 za vijia, maporomoko ya maji, mapango, na wanawake wanaotembea peke yao asubuhi bila kugeukageuka nyuma. Hayo ya mwisho ndiyo ninayoyahesabu kuwa mafanikio makubwa kuliko yote. Karura ina kiingilio, na iko mbali na Kayole, lakini inaonyesha kwamba utulivu wa njia hutengenezwa, una gharama, na kuna mtu aliyeilipa.

Mfano wa pili ni mdogo. Mwaka 2020, barabara ya mwendokasi ya kilomita 27 ilipokuwa ikijengwa kutoka Mlolongo hadi Westlands, mti mkubwa wa mugumo ulioota kando ya Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa. Watu walipiga kelele mpaka rais akaamuru uachwe. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022, na juu yake, bila shaka, hakuna anayetembea. Kuhusu chini yake, serikali ya kaunti ilikuwa na sera tangu mwaka 2015 inayosema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Anayetaka kupima utekelezaji wake ashuke Jogoo Road kwa miguu siku ya mvua.

Basi kwa anayetaka kujaribu, kwa njia aliyonayo, haya ndiyo niliyoyaona yakifaa.

Chagua njia fupi unayoijua vizuri, tena fupi kuliko unavyodhani inatosha. Mzunguko wa uwanja wa kanisa au wa shule, uchochoro ulio kimya nyuma ya ploti, hata paa la ghorofa ambako watu huanika nguo. Waombaji wa Arboretum wanatosheka na hatua ishirini, na wana sababu: njia usiyoifikiria huiachia akili nafasi. Simu iende mfukoni, imezimwa sauti. Dakika chache za kwanza tembea kama kawaida yako ya Nairobi, maana mwili uliozoea kukimbilia matatu hauwezi kuamrishwa kutulia ghafla. Kisha punguza mwendo mpaka uhisi kisigino kikigusa chini, uzito ukihamia kwenye unyayo, vidole vikisukuma. Pumzi iache ijiendee, hesabu tu ni hatua ngapi zinaingia ndani yake.

Baada ya dakika moja utajikuta uko kwenye karo ya shule. Au kwenye mkopo wa simu, au kwenye ujumbe ambao mtu ameusoma bila kujibu. Hapo ndipo kazi ilipo, na wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa. Akili imekwenda ilikozoea kwenda. Itambue, rudi miguuni. Itakwenda tena. Irudishe tena, bila kujigombeza. Mwombaji wetu mwenye suti akipotea katika maneno yake, anafika kwenye mti, anageuka, na kule kugeuka kunamrudisha.

Kuhusu kuhesabu hatua elfu kumi kwa siku, mniwie radhi enyi wenye saa za mkononi. Idadi hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita jina lenye elfu kumi ndani yake, na namba ikashika. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 juu ya wanawake wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72 ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya 7,500 hivi faida haikuongezeka tena. Kwa mwendo ninaouzungumzia, namba yoyote ni kikwazo. Ukitazama mkono kila dakika kujua umebakiza ngapi, umeshajipa shughuli.

Vikundi vya akina mama wanaotembea pamoja saa kumi na moja alfajiri mitaani, wakiwa na viatu vya michezo na habari za mtaa mzima, ni jambo jema. Vinalinda usalama, vinaondoa upweke, na upweke ni maradhi. Sivichanganyi tu na hili. Anayezungumza njia nzima anarudi na habari. Hilo nalo lina dawa yake, ni dawa nyingine.

Na kuna mahali ambapo miguu haitoshi. Aliyekosa usingizi wiki baada ya wiki, asiyetaka kula, anayewaza kujidhuru, aende hospitali leo, atembee baadaye. Wapo pia watu waliopitia mabaya makubwa ambao kimya huwarudisha kulekule. Kwao ni heri mtu wa kuandamana naye, na mwendo wa kawaida wenye mazungumzo, kuliko kujifungia na pumzi zao.

Limebaki la aibu, ambalo ndilo huwarudisha wengi ndani siku ya pili. Dini imewapa waombaji kinga: mwenye Biblia kwapani haulizwi anaenda wapi. Asiye na Biblia anahitaji kitu kingine. Nimemsikia mwalimu mmoja mstaafu akisema kwamba yeye hutoka kila jioni na kiondo kitupu. Majirani wakimwona na kiondo wanajua anaenda sokoni, wanamwagiza hata nyanya. Anazunguka nusu saa kwa hatua za taratibu, na kwa kuwa ameagizwa, inambidi apite kwa mama mboga kabla hajarudi. Nyanya, anasema, zimekuwa nyingi mno nyumbani kwake.